Uzi: Kuanza mbio baada ya miaka 40 na kuongeza kasi, kwa sisi tulio Uganda

Mtoa mada, Ntinda

Ndugu zangu, salamu nyingi. Siku hizi barabara za Kampala alfajiri zimejaa watu wa makamo wanaokimbia, na ukiwasikiliza wanapopumzika utasikia lalamiko lilelile: mtu alianza vizuri, muda wake ukapungua wiki baada ya wiki, kisha ukagoma, na sasa mwaka unakwisha akiwa na dakika zilezile katika kilomita tano, huku kisigino au goti likimsumbua. Wengi wanahitimisha kwamba umri umewakamata. Nafungua uzi huu kupinga hitimisho hilo. Kwa mtu aliyeanza mbio akiwa na miaka 40 au 50, kinachomkwamisha kwanza ni kukimbia kwa kasi ya kati kila siku, kasi iliyo kubwa mno kwa siku ya mazoezi mepesi na ndogo mno kwa siku ya mazoezi makali.

Tuanze na umri wenyewe, tusiuonee wala tusiupendelee. Uwezo wa juu wa mwili kutumia oksijeni hushuka kwa takriban asilimia 10 kila muongo baada ya miaka 30 kwa mtu asiyefanya mazoezi, na kwa anayeendelea kujizoeza kwa bidii kushuka huko huweza kupungua hadi karibu nusu yake. Mapigo ya juu ya moyo hupungua, na misuli nayo hupungua, hasa zile nyuzi zinazotoa nguvu ya ghafla. Hayo yote ni kweli na hakuna haja ya kuyaficha. Lakini mtu aliyekaa dukani au ofisini kwa miaka ishirini hajawahi kukifikia kilele chake, kwa hiyo kile anachopunguziwa na umri kwa mwaka mmoja ni kidogo kuliko kile anachoweza kuongezewa na mazoezi katika mwaka huohuo. Anayeshuka ni yule aliyekuwa bingwa akiwa na miaka 25. Sisi tulioanzia chini tuna miaka mingi ya kupanda kabla ya kukutana na umri uso kwa uso.

Mifano ipo, tena iliyoandikwa katika kumbukumbu za riadha. Priscilla Welch wa Uingereza alikuwa mvutaji sigara, akaanza kukimbia akiwa katikati ya miaka yake ya thelathini. Mwaka 1984 alishika nafasi ya 6 katika marathoni ya Olimpiki ya Los Angeles, na mwaka 1987, akiwa na miaka 42, alikimbia London kwa saa 2, dakika 26 na sekunde 51, kisha akashinda New York mwaka huohuo. Jirani yetu Kenneth Mungara wa Kenya alikuwa kinyozi, akaingia mbio za ushindani akiwa amepita miaka 30, na mwaka 2015, akiwa na miaka 41, alishinda marathoni ya Gold Coast, Australia, kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 42. Hao walikuwa na vipaji ambavyo wengi wetu hatuna, lakini mpangilio wa maisha yao unatuhusu: walianza wakiwa wamechelewa, na waliendelea kuongeza kasi katika umri ambao watu waliowazunguka walikuwa wakiwashauri wapumzike.

Sasa nije kwenye kasi. Stephen Seiler, mtafiti Mmarekani anayefanya kazi Norwei, alipochunguza mazoezi ya wanamichezo wakubwa wa ustahimilivu aliona kwamba takriban asilimia 80 ya vipindi vyao hufanywa kwa nguvu ndogo, na ni sehemu ndogo tu iliyobaki inayofanywa kwa ukali. Mkimbiaji wa makamo wa Kampala hufanya kinyume chake. Ana nusu saa tu kabla ya kuwapeleka watoto shule, basi anaona kwamba asipotweta ameipoteza asubuhi yake. Akirudi ametweta, kesho yake miguu ni mizito, na siku iliyopangwa kuwa ya kasi inageuka kuwa nyingine ya kasi ya kati. Hivyo hapati faida ya wepesi, ambayo ni kuongezeka kwa mishipa midogo ya damu ndani ya misuli na kwa mitokondria zinazotengeneza nishati, wala hapati faida ya ukali, ambayo ni moyo kuzoea kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo.

Kipimo cha wepesi ni maongezi. Ukiwa katika mwendo mwepesi unapaswa kuweza kumsimulia mwenzako habari za jana kwa sentensi kamili, bila kukatiza katikati ili kuvuta pumzi. Wanaopenda saa za kupima mapigo ya moyo watumie, lakini wajue kwamba ile hesabu ya kutoa umri kutoka 220 ni ya kukadiria tu. Hesabu nyingine, iliyochapishwa mwaka 2001, huzidisha umri kwa 0.7 na kutoa jibu kutoka 208. Kwa mtu wa miaka 50 ya kwanza inatoa 170 na ya pili 173, ilhali mapigo yake halisi ya juu yanaweza kuwa kumi zaidi au kumi pungufu. Mimi naamini ulimi zaidi ya saa.

Kwa mji wetu huu uliojengwa juu ya vilima, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, mwendo mwepesi wa mtu anayeanza mara nyingi utakuwa kukimbia kwenye tambarare na kutembea kwenye mpando. Hakuna aibu yoyote katika hilo. Jeff Galloway, ambaye alikimbia mita 10,000 kwa Marekani katika Olimpiki ya Munich ya 1972, ileile ambayo John Akii-Bua wetu alituletea dhahabu ya mita 400 kuruka viunzi, amejulikana kwa miaka mingi kwa kuwafundisha watu wa kawaida kukimbia na kutembea kwa zamu, hata katika marathoni yenyewe.

Siku ya ukali iwe moja kwa wiki, na kwa mtu aliyekwisha kukimbia mfululizo kwa miezi kadhaa. Mimi napendelea kilima, mathalani zile barabara za Naguru au Kololo kabla magari hayajaamka. Mpando unaofaa ni ule unaokulazimisha kuinua goti bila kukuinamisha mgongo. Unapasha mwili kwenye tambarare kwa robo saa, kisha unapanda kwa sekunde 40 hadi 60, mikono ikivuta nyuma, macho yakitazama mita kumi mbele, kwa juhudi ambayo ukiirudia mara nane, ya nane itafika palepale ilipofika ya kwanza. Kushuka ni kwa kutembea, pembeni kabisa, kwa kuwa boda boda hushuka vilima hivyo zikiwa zimezima injini na hutazisikia. Ikiwa mara ya tano umeshaishia chini ya ile nguzo uliyoifikia mara ya kwanza, ulianza kwa pupa. Kamilisha hiyo na urudi nyumbani.

Nawakaribisha kuchangia, kusahihisha na kupinga.

Mama wa Jinja

Mtoa mada, ahsante kwa maelezo. Mimi nina miaka 52 na nimekuwa nikikimbia kando ya mto tangu mwaka jana. Nina maswali mawili. Kwanza, dada zangu wote wananiambia kwamba nitamaliza magoti na kwamba mwanamke aliyekoma hedhi anatakiwa kutembea tu. Pili, tangu nianze kupanda vilima kama unavyoshauri, kisigino changu kwa nyuma, pale panapoungana na mguu, kinakakamaa kila asubuhi, na hatua za kwanza kutoka kitandani nazitembea kama bibi kizee. Nikishapata joto maumivu yanatoweka, kwa hiyo naendelea kukimbia. Je, niendelee?

Afande mstaafu, Bombo

Nimesoma kwa makini na ninaheshimu utafiti wa wazungu hao, lakini niruhusuni nitoe shaka yangu. Sisi jeshini tulikimbia mchakamchaka kila siku ya Mungu, wazima na wenye mafua, kwenye lami na kwenye tope, na hakuna aliyetuambia habari ya asilimia 80. Tulikuwa na nguvu kuliko vijana wa sasa wenye saa za kupima moyo. Nadhani tatizo la watu wa makamo ni kujidekeza. Nina miaka 58, na ninakimbia kilomita sita kila asubuhi kwa nguvu zangu zote. Nakiri tu kwamba muda wangu haujabadilika tangu nilipostaafu.

Mtoa mada, Ntinda

Afande, heshima yako. Nakuomba ukumbuke jambo moja kuhusu mchakamchaka: mlikuwa mkiimba. Kikosi kizima kilikimbia kwa hatua moja, mmoja akianzisha na wengine wakiitikia, ubeti baada ya ubeti, na hakuna mtu anayeweza kuitikia wimbo kwa sauti ya kambini huku akikimbia kwa nguvu zake zote. Kwa hiyo jeshi lilikuwa likikupa mwendo mwepesi kila siku, na ukali uliupata kwingine, katika vizuizi, katika kubeba mizigo na katika mashindano ya vikosi. Ulipostaafu ukaondoka na mbio ukaacha wimbo. Jaribu kwa miezi miwili kukimbia siku nne kati ya tano kwa mwendo ambao ungeweza kuimba, na siku ya tano upande kilima. Kuhusu kukimbia ukiwa mgonjwa sitabishana na wewe hapa. Nadhani tabibu wetu wa Arua atakuja kulisemea.

Mama wa Jinja, nianze na dada zako. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba ugonjwa wa kusagika kwa viungo vya goti na nyonga ulipatikana kwa asilimia 3.5 ya watu wanaokimbia kwa kujifurahisha, asilimia 10.2 ya watu wasiokimbia, na asilimia 13.3 ya wakimbiaji wa mashindano makubwa. Sisi tumo katika kundi la kwanza. Ama kuhusu kukoma hedhi, homoni ya estrojeni inaposhuka mifupa hupoteza uimara wake kwa kasi zaidi, na mifupa huimarishwa kwa kubebeshwa uzito na kwa kutikiswa kwa kiasi. Kutembea ni kuzuri, lakini kukimbia pamoja na kunyanyua vitu vizito kunaipa mifupa sababu kubwa zaidi ya kubaki imara.

Kisigino chako sasa. Hapo panapokakamaa ni kano ya kisigino, na maelezo yako yanafanana sana na ya kano iliyobebeshwa mzigo mpya kabla haijawa tayari. Moyo na mapafu hubadilika ndani ya wiki chache, misuli hufuata, lakini kano huhitaji miezi mingi, na hapa ndipo wengi wetu tunapoumia: pumzi inaruhusu kilomita nane wakati kisigino bado kiko kwenye kilomita nne. Kilima kinaivuta kano hiyo zaidi kwa sababu kisigino hushuka chini ya vidole kila unapokanyaga mpando. Kwa hiyo acha vilima kwa sasa, punguza umbali, kimbia kwenye tambarare, na uanze zoezi la ngazi.

Zoezi lenyewe lilipata umaarufu kutokana na utafiti wa Håkan Alfredson wa Sweden uliochapishwa mwaka 1998, ambao wagonjwa wake 15 walikuwa wanamichezo wa kujifurahisha wenye wastani wa miaka 44, watu kama sisi hasa. Simama kwenye ukingo wa ngazi kwa sehemu ya mbele ya nyayo, visigino vikining'inia, mkono mmoja ukigusa ukuta. Jiinue kwa miguu yote miwili hadi juu, hamishia uzito wote kwenye mguu unaouma, uondoe ule mwingine, kisha teremsha kisigino polepole hadi kipite chini ya usawa wa ngazi, kwa muda wa kuhesabu moja hadi tatu. Urudi juu kwa msaada wa ule mguu mzima, usijipandishe kwa mguu unaouma. Alfredson aliagiza mizunguko mitatu ya mara 15 goti likiwa limenyooka, na mingine mitatu goti likiwa limekunjwa kidogo, asubuhi na jioni, kwa wiki 12. Hesabu hiyo ni mara 180 kwa siku, na sishangai kwamba wengi huacha njiani. Maumivu kidogo wakati wa zoezi yalikubalika katika mpango wake; maumivu ya kukulemaza hayakukubalika. Asiye na maumivu afanye pungufu ya hapo, mara mbili au tatu kwa wiki, maana misuli ya mashavu ya miguu ndiyo inayotusukuma mbele, na ni miongoni mwa inayopungua nguvu mapema.

Tabibu, Arua

Nimeitwa, nami nimefika. Nitasema mambo machache ambayo huku zahanati tunayaona mara kwa mara.

Mtu aliyepita miaka 40 ambaye hajafanya mazoezi kwa muda mrefu apime shinikizo la damu na sukari kabla ya kuanza, hata kama anajisikia mzima, kwa kuwa shinikizo la damu halipigi hodi. Vipimo hivyo vinachukua dakika chache. Yeyote anayepata maumivu au kubanwa kifua akiwa katika mbio, anayezimia, au ambaye ndugu yake wa karibu alifariki ghafla akiwa bado kijana, asianze siku za ukali kabla ya kuonana na daktari. Afande, hili ni pamoja na wewe unayekimbia kila asubuhi kwa nguvu zako zote.

Kisha malaria. Hapa kwetu huu ndio ugonjwa unaovuruga mipango ya mazoezi kuliko majeraha yote, na watu hawaupi nafasi yake. Vimelea huvunja chembe nyekundu za damu, ambazo ndizo zinazobeba oksijeni kwenda kwenye misuli. Dawa huondoa homa ndani ya siku chache, mgonjwa anajiona amepona, anatoka kukimbia, anashangaa pumzi imekatika kwenye kona ya kwanza, na anahitimisha kwamba amezeeka ghafla. Mwili unahitaji wiki kadhaa kuzijaza upya chembe zilizopotea. Mwenye homa asikimbie hata kidogo. Amalize dozi, aanze kwa kutembea, halafu akimbie kwa mwendo wa maongezi tu hadi pale mapigo yake ya moyo kwenye barabara anayoizoea yatakaporudi kama yalivyokuwa kabla ya kuugua. Wanawake wanaoendelea kupata hedhi nzito wapimwe damu hata kama hawajaugua malaria, kwa sababu upungufu wa madini ya chuma huonekana hivyohivyo, kama uvivu usioeleweka.

Nimalizie na chakula. Kadiri umri unavyosonga, misuli inahitaji protini zaidi ili ijirekebishe baada ya kazi. Mtu anayekula posho, yaani ugali, na mboga ya majani tu mchana na usiku hatajenga chochote. Maharagwe, mchuzi wa karanga, mayai na mukene, yaani dagaa, vinapatikana kila soko, na mukene ana kalsiamu kwa kuwa tunamla na mifupa yake.

Mwalimu, Mbale

Nashukuru kwa mjadala huu wenye faida. Mimi naishi chini ya mlima Elgon, na wenzangu wananishawishi kwamba likizo ijayo nipande Kapchorwa nikajizoeze kwa wiki moja, kwa sababu wakimbiaji wetu mabingwa Joshua Cheptegei, Stephen Kiprotich na Peruth Chemutai wametoka upande huo wa Sebei. Je, hewa ya huko itaniongezea kasi? Swali la pili ni la viatu. Raba mpya madukani zina bei inayokaribia nusu ya mshahara wangu, na za mitumba naogopa kwamba zimekwisha.

Mtoa mada, Ntinda

Mwalimu, nenda Kapchorwa, lakini nenda kwa sababu ya barabara za udongo na baridi ya asubuhi. Usitarajie wiki moja ikubadilishie damu. Mji ule uko karibu mita 1,900, hewa ina oksijeni pungufu kuliko Mbale, na mwili hujibu kwa kuongeza chembe nyekundu. Lakini jibu hilo huhitaji takriban wiki tatu au nne za kuishi huko ili lionekane vizuri. Katika wiki moja utakachopata ni uchovu wa kupanda tu, na mwendo wako mwepesi utakuwa wa polepole kuliko ulivyozoea. Ukubali hivyo. Cheptegei alipoweka rekodi ya dunia ya mita 10,000 kule Valencia mwaka 2020, dakika 26 na sekunde 11, alikuwa akipita kila kilomita kwa dakika 2 na sekunde 37. Mtu wa namna hiyo alizaliwa mlimani, alikulia mlimani na amefanya mazoezi kwa miaka mingi, na likizo ya mwalimu haiwezi kuiga hayo. Kinachoweza kuigwa ni utaratibu wao wa kwenda polepole sana katika siku za polepole. Mwenye kutazama wakimbiaji wa huko wakianza mazoezi mepesi ya asubuhi hushangaa kwamba kwa dakika za mwanzo hata yeye angeweza kwenda nao.

Kuhusu raba za mitumba, zinafaa, mradi uzikague kama fundi. Pale soko la Owino, Kampala, muuzaji atakuonyesha sehemu ya juu iliyooshwa ikang'aa na kamba mpya; wewe geuza kiatu. Sehemu inayochakaa kwanza ni ile sponji nene iliyo kati ya soli na mguu, na soli ya chini inaweza kuwa bado ina meno yote wakati sponji imeshakufa. Itazame kwa ubavu: mikunjo mingi myembamba iliyolala upande wa kisigino ni dalili kwamba imeshindiliwa. Ibonye kwa kidole gumba kutoka ndani. Ikiwa haizami wala hairudi, iache. Kisha weka jozi juu ya meza, uzitazame kwa nyuma usawa wa macho. Kisigino kilichoegemea ndani au nje kimebeba mwendo wa mwenyewe wa kwanza, nawe utaubeba pamoja naye. Kiatu kipya hudumu kati ya kilomita 500 na 800 hivi, kwa hiyo cha mitumba kihesabie pungufu ya hapo. Acha nafasi ya upana wa kidole mbele ya vidole vyako, na ukijaribu jioni ni bora zaidi, kwa kuwa miguu huvimba kidogo mchana. Rangi na jina la kampuni mwachie kijana wako.

Mama wa Jinja

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa nikifanya zoezi la ngazi, na ninatoa taarifa kwamba asubuhi sasa nashuka kitandani bila kushika ukuta, ingawa kisigino bado kinajitambulisha nikikaa muda mrefu. Siku za kukimbia nimezipunguza hadi tatu. Ajabu ni kwamba kilomita tano nazikimbia kwa muda uleule niliokuwa nikiupata kwa kutweta, na sitweti. Afande, wewe umefika wapi?

Afande mstaafu, Bombo

Naimba, mama. Majirani wanalalamika. Nilipima shinikizo la damu kama tabibu alivyoagiza, likaonekana liko juu, nikapewa dawa na nikaambiwa niendelee na mbio nyepesi. Kuhusu kasi sina la kusema kwa sasa, isipokuwa kwamba kilima cha Jumanne kimenitoa jasho ambalo sikuwahi kulitoa katika zile kilomita sita za kila siku.

Mfanyabiashara, Busia

Nimechelewa kuingia lakini nimesoma tangu mwanzo. Nina miaka 46. Nimeanza kwa kukimbia na kutembea, na sasa kilomita tano nazimaliza kwa dakika 30 bila kusimama. Mbio zangu ndefu kuliko zote ni kilomita nane. Marafiki wamejiandikisha kilomita 21 katika Marathoni ya Kampala ya Novemba na wanasema nikijiandikisha kilomita 10 nitakuwa najidharau. Nishaurini.

Mtoa mada, Ntinda

Ndugu yangu wa Busia, jiandikishe kilomita 10, na marafiki waseme watakavyo. Ipo hesabu ya Peter Riegel, iliyotoka miaka ya 1970, ambayo wakimbiaji bado wanaitumia kukadiria muda wa umbali mmoja kutoka kwa mwingine: umbali ukiongezeka maradufu, muda huzidishwa kwa karibu 2.085, kwa sababu kasi hupungua kidogo. Dakika zako 30 zinatoa dakika 62 na nusu hivi kwa kilomita 10. Kwa kilomita 21 hesabu hiyohiyo inatoa karibu saa 2 na dakika 18, lakini inachukulia kwamba miguu imeandaliwa kwa umbali huo, na mtu ambaye hajavuka kilomita nane hajaiandaa. Mapafu yako yangefika. Kano na magoti yangekulipisha hadi Januari.

Kuanzia sasa ongeza mbio ndefu ya Jumapili kwa kilomita moja kila baada ya wiki moja au mbili hadi ufike 12, na kila wiki ya nne uipunguze ili mwili ushike ulichoupa. Siku moja ya kilima au ya kukimbia dakika tatu kwa nguvu na dakika mbili polepole, mara tano au sita. Nyingine zote ziwe za maongezi. Wiki ya mwisho punguza umbali kwa karibu nusu, lakini uache vipande vichache vifupi vya kasi ili miguu isilale.

Siku yenyewe, dakika 62 na nusu ni dakika 6 na sekunde 15 kwa kila kilomita. Umati wa Kampala huondoka kwa vishindo, na kilomita ya kwanza utaiona nyepesi kwa sababu ya furaha na ngoma za barabarani. Usiipite chini ya dakika 6 na sekunde 25, wala ya pili chini ya 6 na 20. Panapopandwa, linda pumzi yako badala ya saa, kisha ulipe deni kwenye mteremko. Asubuhi hiyo kunywa chai na ndizi mbili tamu muda wa saa mbili kabla ya mbio kuanza; katogo, kile chakula kizito cha ndizi za kupika, ikusubiri ukimaliza. Ukifika kilomita ya saba ukiwa bado unaweza kumjibu mtu kwa maneno matatu au manne, anza kuwafuata mmoja mmoja wale waliokupita pale mwanzoni.